Umri wa kuanza sataranji na nguvu ya mchezaji baadaye: je, mwenye miaka 13 amechelewa?

Mkufunzi wa Umoja

Wanajukwaa, salaam.

Kila muhula unapoanza hapa Nairobi, wazazi huniuliza swali lilelile kwa namna mbili. Wenye watoto wadogo huuliza kama mtoto wa miaka mitatu anaweza kufundishwa sataranji, kwa sababu wamesikia kwamba mabingwa huanza wakiwa wachanga. Wenye watoto wakubwa, na aghalabu hawa ndio wenye kipato kidogo, huuliza kwa wasiwasi kama kijana wao wa miaka 13 aliyeanza kuipenda chesi shuleni amekwisha kupitwa na wakati. Naufungua uzi huu ili tulijadili jambo hili kwa kina, maana nimeona vijana wakiuacha mchezo kwa kuambiwa tu kwamba wamechelewa, na jambo hilo linaniuma.

Nitaanza na msimamo wangu ili mtakaoupinga mjue pa kuanzia. Umri wa kuanza una athari ya kweli katika nguvu ya mchezaji baadaye. Lakini umri wenye uzito si ule ambao mtoto alijua farasi huruka vipi. Ni ule ambao alianza kucheza kwa bidii, yaani kwa mazoezi ya kila wiki, mashindano, mtu wa kumkosoa na wapinzani wanaomshinda. Katika mji wetu mtoto anaweza kujua kete akiwa na miaka 7 na asikutane na hayo mengine hadi afike 14, na ni hiyo miaka 7 katikati ambayo hatuizungumzii.

Tazameni mabingwa wa dunia wenyewe. José Raúl Capablanca alijifunza akiwa na miaka 4 kwa kumtazama baba yake akicheza mjini Havana. Bobby Fischer alikuwa na miaka 6, mwaka 1949, yeye na dada yake walipojifunza kwa kusoma maelekezo ya seti iliyonunuliwa dukani, na mwaka 1958 akawa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, akiwa na miaka 15. Viswanathan Anand alifundishwa na mama yake akiwa na miaka 6. Gukesh Dommaraju alianza akiwa na 7, akawa grandmasta mwaka 2019 akiwa na 12, na Desemba 2024 akamshinda Ding Liren huko Singapore na kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Ukiisoma orodha hii peke yake utadhani mjadala umekwisha. Lakini Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948 na kuwa nguzo ya sataranji ya Kisovieti, alijifunza akiwa na miaka 12. Na mwaka 1925, akiwa na miaka 14, alimshinda Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, katika onyesho ambalo Capablanca alikabiliana na watu wengi kwa pamoja. Magnus Carlsen naye alifundishwa na baba yake akiwa na miaka 5, hakuvutiwa sana, na mchezo ukaja kumshika miaka kadhaa baadaye. Huyo huyo mwaka 2014 alifikia alama 2882 za Elo, yaani kipimo cha nguvu ya mchezaji, kiwango cha juu kuliko cha mchezaji mwingine yeyote katika historia ya orodha za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Sasa tumwandike kwamba alianza akiwa na miaka mingapi?

Utafiti ninaouona kuwa wa msingi zaidi katika suala hili ni ule wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwachunguza wachezaji 104 wa Buenos Aires nchini Argentina, wakawauliza walijifunza lini, walianza kucheza kwa bidii lini, na wametumia saa ngapi kujifunza peke yao na kufanya mazoezi na wenzao. Waliona kwamba kati ya wale walioanza kwa bidii wakiwa na miaka 12 au chini, takriban mmoja kati ya 4 alifikia kiwango cha kimataifa, ilhali kati ya wale walioanza baada ya hapo ni takriban mmoja kati ya 55. Hiyo ni tofauti kubwa mno, wala haifai kufichwa kwa sababu tu tunataka kuwatia moyo vijana wetu.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao haunukuliwi mara nyingi. Ili kufikia kiwango cha masta, yaani alama 2200 hivi, wachezaji hao walihitaji kwa wastani saa 11,000 za mazoezi. Hata hivyo, aliyefika upesi zaidi alitumia saa 3,000 na kidogo, na aliyechelewa zaidi alitumia zaidi ya 23,000. Wapo waliotumia zaidi ya saa 25,000 na hawakufika kamwe. Kwa hiyo hata tukijua umri na tukajua saa za mazoezi, bado tunabaki na tofauti kati ya mtu na mtu ambayo haielezwi na mojawapo.

Kwa nini kuanza mapema kusaidie? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: mtoto ana muda. Mwenye miaka 8 hana kodi ya nyumba wala mtihani wa taifa unaomkabili, na akicheza saa mbili kila siku hadi afike miaka 18 atakuwa na saa zaidi ya 7,000 kabla ya kuanza kutafuta kazi. Sababu ya pili ni namna kumbukumbu ya mchezo inavyojengwa. William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973, wakiendeleza kazi ya Mholanzi Adriaan de Groot, kwamba masta akionyeshwa ubao kwa sekunde 5 anaweza kuzirudisha kete nyingi mahali pake ikiwa zimetoka katika mchezo halisi, ilhali mwanagenzi hukumbuka nne au tano tu. Lakini kete zikipangwa ovyo, ubora wa masta karibu wote hutoweka. Masta haoni kete moja moja, huona mafungu ya kete aliyokwisha kuyakuta. Mafungu hayo hukusanywa kwa miaka, na anayeanza mapema huanza kuyakusanya mapema.

Jambo hili huonekana wazi mbele ya ubao. Chukueni shambulizi ambalo kila mwanafunzi wa klabu ya shule hulijaribu: malkia mweupe ametoka hadi kiraka cha h5, askofu yuko c4, na wote wawili wanaielekea f7, kiraka kilicho kando ya mfalme mweusi. Msichana mmoja wa miaka 8 niliyemfundisha hakuinua hata kichwa. Alisogeza askari wake hadi g6, malkia akarudi f3 kutishia f7 upya, naye akatoa farasi f6 na kuendelea kunywa maji. Mvulana wa miaka 15, aliyeanza wakati uleule, alikaa kwa muda mrefu mkono ukiwa shavuni, akahesabu, akaipata g6 ileile. Hatua zote zilikuwa sawa, ila saa yake ilikuwa imekwenda, na hatua kumi baadaye alikuwa akicheza kwa haraka na akapoteza ngome. Hata hivyo, nilipowafundisha wote wawili kwamba mfalme akikaa mbele ya askari wake katika safu ya sita, askari huyo atafika mwisho hata zamu iwe ya nani, isipokuwa akiwa askari wa pembeni kabisa, mvulana alielewa kwa maelezo ya mara moja, akaeleza sababu kwa maneno yake mwenyewe, na wiki iliyofuata aliitumia kanuni hiyo katika mchezo. Msichana ilibidi tulirudie somo hilo mara nyingi. Kijana mkubwa hujifunza kwa kuelewa, mtoto hujifunza kwa kuzoea, na kocha anayewafundisha wote kwa namna moja atawapoteza nusu yao.

Karibuni tujadili.

Mama wa Donholm

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa maelezo. Binti yangu yuko Gredi ya 4, ana miaka 9, na amecheza katika klabu ya shule kwa muhula mmoja. Kocha mmoja aliniambia waziwazi kwamba baada ya miaka 6 mtoto hawezi kuwa mchezaji wa maana, na kwamba nikitaka afidie muda uliopotea ni lazima nilipie masomo ya kila siku. Fedha hizo sina. Je, ni kweli kwamba kuna umri ambao mlango hufungwa?

Mkufunzi wa Umoja

Marahaba, mama. Hakuna ushahidi wowote ninaoujua unaouweka mpaka kwenye miaka 6, na anayekuuzia masomo kwa kukutia hofu hastahili fedha zako. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikutana na mchezo huu akiwa na miaka 9 hivi, katika mradi wa mwalimu Robert Katende, na mwaka 2012 alipata cheo cha FIDE katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul. Binti yako yuko katika umri uleule. Nitakujibu kwa urefu zaidi hapo chini, baada ya kuwasikia wengine.

Mtakwimu wa Kahawa West

Ndugu Mkufunzi, nakushukuru kwa kuzileta namba, lakini naomba tuzishike kwa uangalifu kuliko ulivyofanya.

Kwanza, wale 104 wa Buenos Aires walikuwa tayari ni wachezaji waliobaki katika mchezo. Hawakuwa watoto wote wa mji ule waliowahi kufundishwa kete. Kwa hiyo huwezi kumwambia mzazi kwamba mtoto wake akianza kabla ya miaka 12 ana nafasi moja kati ya 4. Walioanza mapema na kuacha hawakuhesabiwa. Vilevile walioanza wakiwa wakubwa, wakashindwa mara chache na kuondoka kwa aibu ya kushindwa na watoto, hawakuwapo. Hatujui makundi hayo yangebadilisha namba kiasi gani.

Pili, na hili ndilo zito kwangu, umri wa kuanza hautembei peke yake. Nendeni kwenye mashindano yoyote ya vijana hapa Nairobi mwangalie ni nani alianza akiwa na miaka 5. Aghalabu ni mtoto ambaye shule yake ina mwalimu wa sataranji, nyumbani kuna kompyuta na intaneti, na mzazi ana gari la kumfikisha ukumbini Jumamosi asubuhi na nauli si hoja. Mtoto wa Mukuru au Kayole aliyeanza akiwa na miaka 13 hakuchelewa tu kwa miaka minane. Amekosa vitabu, amekosa kocha, amekosa ada za mashindano, na mara nyingi anafanya mazoezi kwa ubao mmoja ambao watoto kumi wanausubiri. Tukiwalinganisha wawili hawa baada ya miaka kumi na kusema umri ndio uliowatofautisha, tutakuwa tumeupa umri sifa ya umaskini.

Tatu, hata alama zenyewe hazihesabiwi sawa. Kwa kanuni za FIDE, mchezaji aliye chini ya miaka 18 na aliye chini ya alama 2300 hutumia kizidishi cha 40, yaani namba inayoamua alama zipande au zishuke kiasi gani, ilhali mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo yake 30 ya kwanza hutumia 20. Wote wawili wakimshinda mpinzani wa kiwango chao, mtoto hupanda alama 20 na mtu mzima hupanda 10. Bila shaka wakishindwa mtoto huanguka mara mbili zaidi pia, lakini kwa anayeendelea kuimarika, kizidishi hicho humwezesha kuonyesha nguvu yake mpya upesi. Mtu mzima anayeimarika kwa kasi ileile ataonekana kwenye orodha kama anayejikokota.

Fundi wa Gikomba

Mimi si mtu wa takwimu. Nimekulia kwenye drafti, ile ya vifuniko vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa makaa, kandokando ya vibanda. Nilipokuwa na miaka 22 mteja mmoja aliniachia seti ya chesi, na tangu hapo sijalala vizuri. Wenzangu wa drafti wananiambia nimeanza mzee. Je, miaka yote ile ya drafti ni hasara, au ina kitu ilichonipa? Naomba jibu la kweli, si la kunifariji.

Mkufunzi wa Umoja

Fundi, swali lako ndilo linalonivutia kuliko yote katika uzi huu, kwa hiyo niruhusu nikae nalo.

Wachezaji kadhaa wakubwa walioanza sataranji wakiwa wamechelewa walikuwa wametoka katika mchezo mwingine wa ubao. Joseph Blackburne, Mwingereza wa Manchester aliyezaliwa mwaka 1841, alikuwa mchezaji wa drafti tangu utotoni, na aliihamia sataranji karibu na umri wa miaka 18, baada ya sifa za Mmarekani Paul Morphy kuenea Ulaya. Alikuja kuwa miongoni mwa wachezaji hodari zaidi duniani, na alisifika kwa kucheza michezo mingi kwa pamoja bila kuutazama ubao. Ye Jiangchuan wa China alicheza sataranji ya Kichina kwanza na hakuijua hii yetu hadi alipofika miaka 17. Akawa bingwa wa taifa lake mara saba na kufikia alama 2684. Sultan Khan wa Punjab alifundishwa sataranji ya Kihindi na baba yake akiwa na miaka 9, ambayo kanuni zake zilikuwa tofauti, na kanuni za kimataifa alijifunza akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Aliletwa Uingereza mwaka 1929, akatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka huohuo, kisha tena mwaka 1932 na 1933, na katika mashindano ya Hastings ya 1930/31 alimshinda Capablanca. Mwaka 2024 FIDE ilimpa cheo cha heshima cha grandmasta, miongo mingi baada ya kifo chake.

Nionavyo mimi, watu hawa hawakuanza wakiwa wakubwa kwa maana halisi. Walikuwa wameanza utotoni kufikiri kwa zamu, kuhesabu nikienda hapa ataenda kule, kuvumilia kushindwa na kuketi tena. Walichokosa ni mafungu ya kete za mchezo mpya, na hayo wakayakusanya. Drafti imekupa wewe jambo moja hasa ambalo vijana wangu wengi hawana: katika drafti kula ni lazima, kwa hiyo umezoea kumtolea mpinzani kete ili umburute unakotaka, na umezoea kuhesabu mlolongo huo hadi mwisho. Katika sataranji hesabu za namna hiyo ndizo msingi wa mashambulizi. Utakachotatizika nacho ni hatua tulivu, pale ambapo hakuna cha kula wala cha kutishia na inabidi uimarishe kete iliyo mahali pabaya. Hapo drafti haitakusaidia sana.

Kwa jibu la kweli uliloliomba: kuwa grandmasta baada ya kuanza na miaka 22 ni jambo ambalo sitakuahidi, na nisingependa yeyote akuahidi. Kufikia nguvu ya kuwasumbua wachezaji wa klabu za hapa mjini, na hata zaidi ya hapo, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa mtu mwenye bidii.

Ndugu Mtakwimu, nakubaliana nawe kwamba ile namba ya mmoja kati ya 4 haiwezi kumpimia mtoto mmoja mmoja. Naongeza tu kwamba watafiti wale walizihesabu pia saa za mazoezi, na umri wa kuanza ulibaki na uhusiano na alama hata baada ya hapo. Kuhusu umaskini, umesema kile nilichokigusa kwa sentensi moja na kilistahili zaidi.

Mzee wa Lang'ata

Vijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaona mnauhurumia uchelewaji kupita kiasi. Mmemwacha László Polgár wa Hungaria, ambaye aliamua kabla ya watoto wake kuzaliwa kwamba atawalea wawe mahiri, akachagua sataranji na kuwafundishia nyumbani. Zsuzsa aliyezaliwa mwaka 1969 akawa grandmasta mwaka 1991 na baadaye bingwa wa dunia wa wanawake. Judit aliyezaliwa mwaka 1976 akawa grandmasta mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1991, akiwa na miaka 15 na miezi 4, akaivunja rekodi ya Fischer iliyodumu tangu 1958, na baadaye akaingia miongoni mwa wachezaji 10 bora duniani, wanaume kwa wanawake, kwa alama 2735. Nitajieni nyumba moja ambamo watoto watatu walianza wakiwa na miaka 13 na kufika huko. Lugha mtoto aliyoinyonya utotoni huizungumza bila kufikiri, na aliyejifunza ukubwani husikika tu. Sataranji nayo ni hivyo.

Mtakwimu wa Kahawa West

Shikamoo Mzee. Nyumba uliyoitaja ni ushahidi mzuri, lakini inasema zaidi ya ulivyoisoma. Mabinti wale walikuwa watatu, na wa katikati, Zsófia aliyezaliwa mwaka 1974, alianza mapema kama dada zake, kwa baba yuleyule, vitabu vilevile na meza ileile. Alikuwa na kipaji kikubwa, na matokeo yake katika mashindano ya Roma mwaka 1989 bado yanastaajabisha, lakini cheo chake kiliishia masta wa kimataifa, kilicho chini ya grandmasta. Ikiwa umri wa kuanza na malezi vingetosha, watatu wangefika pamoja. Na kumbuka kwamba watoto wale walisomea nyumbani na wakapewa saa nyingi za sataranji kila siku kwa miaka. Walichopata ni umri mdogo pamoja na saa hizo. Mtoto wa Nairobi anayeanza na miaka 4 na kucheza nusu saa Ijumaa alasiri amepata umri tu.

Mzee wa Lang'ata

Marahaba. Hoja ya Zsófia naikubali. Hoja ya saa naikubali nusu, kwa sababu bado naamini saa ya utotoni si sawa na saa ya ukubwani.

Mkufunzi wa Umoja

Mzee wangu, inawezekana kabisa kwamba uko sahihi kuhusu saa ya utotoni, na utafiti wa Buenos Aires unaelekea upande wako. Kinachonifanya nisite ni Afrika yenyewe. Amon Simutowe wa Zambia alikuwa mtu wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kupata ugrandmasta, mwaka 2009. Aliyefuata kutoka Afrika Kusini, Kenny Solomon wa Mitchells Plain, Cape Town, alianza sataranji akiwa na miaka 13, baada ya kaka yake Maxwell kufuzu kwenda kwenye Olimpiadi ya Manila ya 1992. Alikipata cheo chake kwa kutwaa ubingwa wa Afrika mjini Windhoek mwishoni mwa 2014, akiwa na miaka 35. Miaka 13, mtaa wa kawaida, na zaidi ya miaka 20 ya safari. Hiyo ni njia ndefu, na naomba kila kocha wa Nairobi aikumbuke kabla ya kumwambia kijana wa miaka 13 kwamba muda umempita.

Sasa nirudi kwa Mama wa Donholm, kwa sababu swali lake linahitaji jibu la kutendwa. Mtoto wa miaka 9 anayependa mchezo hahitaji kocha wa kila siku. Anahitaji ubao nyumbani, hata wa plastiki wa kukunja, mazoezi mafupi ya mafumbo ya hatua moja na mbili karibu kila siku, kikao kimoja cha wiki na watu wanaomzidi kidogo, na mashindano kadhaa kwa mwaka ambapo ataandika hatua zake zote. Karatasi ile aliyoandika hatua ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Akirudi nayo nyumbani, achague mahali pamoja tu ambapo mchezo uligeuka, aeleze alikuwa anafikiri nini, kisha atafute hatua bora bila kompyuta kwanza. Akishakinai, mwache apumzike. Mtoto akiuchukia mchezo akiwa na miaka 11, kuanza mapema hakutakuwa kumemsaidia kitu. Na akiendelea kuupenda, mashindano ya kuhesabiwa alama yafuate wakati ambapo anaweza kuwamudu wachezaji wa kiwango hicho. Tangu Machi 2024 orodha ya FIDE huanzia alama 1400, kwa hiyo hakuna haja ya kumkimbiza kutafuta namba.

Mama wa Donholm

Nimekuelewa, Mwalimu. Ubao tunao. Kuandika hatua hajafundishwa. Nitamwomba mwalimu wa klabu aanze na hilo.

Fundi wa Gikomba

Na mimi nianzie wapi? Vitabu vya ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, ninavyoviona vinauzwa mitaani ni vinene, na muda wangu ni usiku baada ya kufunga kibanda.

Mkufunzi wa Umoja

Usinunue kitabu cha ufunguzi sasa. Anza mwisho wa mchezo: mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake, kisha ngome na askari dhidi ya ngome. Wewe ni mtu mzima, utaelewa kwa kuelezwa, na masomo hayo hayachuji. Nusu ya pili ya muda wako itumie kwenye mafumbo mepesi mengi, si magumu machache, kwa sababu unachokosa ni yale mafungu ya kete ambayo mtoto wa miaka 8 tayari anayo. Mchezo wa dakika tatu kwenye simu uupunguze. Unafurahisha, lakini katika hatua hii utakufundisha kurudia makosa yako kwa haraka. Kuhusu umri, uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020, uliopitia michezo ya viwango vya juu ya miaka 125, ulionyesha kwamba nguvu hupanda kwa kasi hadi mapema katika miaka ya ishirini, hufika kileleni karibu na miaka 35, na huanza kushuka baada ya 45. Wachezaji hao walianza mapema kuliko wewe, kwa hiyo kilele chako hakitakuwa na urefu wa chao, lakini kichwa chako hakijaanza kuzeeka. Viktor Korchnoi alikuwa bado miongoni mwa wachezaji 100 bora duniani akiwa na miaka 75, mwaka 2007.

Jumamosi alasiri tunafanya mazoezi katika ukumbi wa jamii hapa Umoja. Njoo na seti yako, kwa kuwa zetu hazitoshi, na mlete yeyote wa drafti atakayekubali.